Kuku Aliyeinua Mguu

Khisa alikuwa ameshalipita lango, begi begani, mama yake, Nerima, akimfuata na mfuko wa maparachichi.

"Papa, mwanangu, shika. Hutoki kwangu mikono mitupu."

Aliupokea akitembea. Nyuma yao, ukutani mwa nyumba ya mama huko Kiamunyi, kamera mpya yenye umbo la balbu iliwatazama. Jua la asubuhi lilikuwa limejilaza uani kama paka.

"Sasa mama, safari za kila mwisho wa mwezi zimeisha. Nitakuona kwa simu."

"Na mimi nitakuona?"

"Hapana. Wewe utaonekana tu."

Nerima alicheka. "Kumbe kama maiti! Watu wanapita wakiangalia."

Msimhukumu mapema, jamaa zangu. Khisa hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa fundi wa pampu katika shamba la maua huko Naivasha, akiishi Kamere, hapo karibu, na mkewe Shantel na mwana wao Lewis. Chombo hicho cha kamera kilikuwa kigeni kwake. Dada wa dukani aliyemuuzia alipoanza kumweleza alama zinazotokea juu ya picha, alimkata kauli: "Wacha, nitajua mbele."

Mara ya kwanza alikijaribu kazini, saa ya chakula, ameegemea ukuta. Alibonyeza simu, na uani kwao kukafunguka kiganjani: mama akipepeta maharagwe, mdogo kama punje. Jogoo na redio vilipiga kelele, akazima sauti. Hakuiwasha tena.

Simu zikapungua, kisha zikakoma. Apige ya nini, na anamwona? Nerima naye kila asubuhi aliiamkia ile balbu, akaieleza habari za magoti yake. Khisa aliona midomo ikicheza, akatabasamu, akarudi kwa pampu.

Siku moja ya mapumziko, wakati wa chai ya alasiri, alimwonyesha Shantel picha ya kamera: mama kwenye kigoda, juani, na kuku mbele yake ameinua mguu mmoja. Jioni mvua kubwa ilipiga mabati ya Kamere. Khisa akafungua tena. Mama yuko kigodani, jua la manjano limemfunika. Moyo ukamlainika. Utotoni aliamini kwamba mama yake hulishika jua mpaka watoto wote wafike nyumbani. Akatazama kama aliye ndotoni, asitake kuamka.

Shantel alichungulia. "Baba Lewis, kwenu jua halitui?"

"Kwetu ni juu mlimani, mama Lewis. Jua hukawia."

"Na huyo kuku? Tangu chai ameinua mguu. Bado hajaamua atakanyaga wapi?"

Khisa akaisogeza simu karibu na macho: hakuna kilichotikisika. Stima, umeme wenyewe, ilikuwa imepotea Kiamunyi tangu alasiri, na picha ikasimama pale ilipofikia. Alama ya kuonyesha hivyo ilikuwepo. Ni mojawapo ya zile alizokataa kuelezwa.

Alimpigia mama, simu haikushikwa. Akampigia Wangechi, jirani. Wangechi alimkuta Nerima kando ya tangi la maji, amelowa, nyonga imevunjika. Mvua ilipoanza, aliteleza akikimbia kuyafunika mahindi aliyoyaanika.

"Mathe, mama yangu," Wangechi alisema, "si ungepiga nduru? Mimi niko hapa tu ng'ambo ya ua!"

"Nilimwita Khisa," Nerima alisema, akinyoosha kidole kwa balbu iliyozima. "Si anatuona?"

Khisa alipofika hospitalini kesho yake, Nerima hakumlaumu. Alimwuliza tu, "Ulikuwa umelala, papa?"

FUNZO

Kumwona mzazi si kumtembelea. Ukinunua chombo usichokijua, usiulize tu kinafanya nini. Uliza pia kikiharibika kinaonyesha nini. Na usimfundishe mzee kutegemea jicho ambalo haliwezi kumwinua. Mpigie, nenda, kaa naye, msikize.

Mkitaka kujua walivyoishia: Nerima alirudi nyumbani na mkongojo, lakini baridi ya mvua ile ilikuwa imemwingia kifuani, na kifua hakikupona sawa, akafariki kabla ya mavuno yaliyofuata, Khisa akiwa kando ya kitanda. Wangechi alipewa kile kigoda. Shantel na Khisa wangali Kamere. Kamera iling'olewa, ikawekwa balbu ya kawaida. Kuku alichinjiwa wageni wa matanga.