Saa Nane za Mama Angani

Fundi cherehani alikuwa akimalizia pindo la sketi ya jirani yao, mhudumu wa ndege. Mkewe alikuwa sakafuni, akipanga begi kubwa la mama mkwe wake. Kesho bibi huyo angesafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua.

"Dawa zake za kisukari niziweke wapi?" mke aliuliza.

"Humo humo kwenye begi. Tiketi inasema ataondoka saa mbili asubuhi, atafika saa tano asubuhi. Saa tatu tu! Kidonge cha mchana atakimeza kule."

"Lakini Baba Mapacha, wifi alisema safari ile ni ndefu."

"Mke wangu, napima watu mwaka wa ishirini huu. Kutoa mbili kwenye tano kutanishinda?"

Mama yake fundi, aliyekuwa ameketi kando, alicheka. "Mwachie mwanangu hesabu zake."

Mke akainamia begi. Akatia dawa, akafunga zipu.

"Hodi! Sketi yangu tayari?" Mhudumu wa ndege aliingia, akaliona begi. Fundi akamweleza safari, na zile saa tatu zake.

"Kilomita elfu saba na mia mbili kwa saa tatu?" mhudumu alishangaa. "Hiyo si ndege, fundi, ni risasi! Ndege yetu huenda kama kilomita mia tisa kwa saa. Gawa. Ni saa nane."

"Basi tiketi imekosea."

"Haijakosea. Mama atashuka saa kumi jioni kwa saa za hapa. Lakini mji ule uko magharibi, jua huchelewa kuwafikia. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tano. Kwao itakuwa saa tano asubuhi. Tiketi huandika saa za kila mji. Ukizitoa hivyo hivyo, umechanganya saa za miji miwili."

"Na begi kubwa?" mke aliuliza polepole.

"Hukaa tumboni mwa ndege. Angani hulifikii. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Na leo hii mwulizeni daktari ampangie saa za kumeza."

Mama hakucheka tena. Fundi aliiweka sketi mezani. Alipiga magoti, akafungua zipu, akatoa dawa. Hakuthubutu kumtazama mkewe.

"Nilikunyamazisha," alisema. "Tena mbele ya Mama."

"Ndiyo, ulininyamazisha. Haya, zilete huku."

Alasiri hiyo walikwenda kwa daktari. Akawaandikia kila saa ya dawa, kwa saa za hapa na za kule.

Kesho yake jioni simu iliita.

"Nimefika, mwanangu. Kidonge nilikimeza na chakula, tukiwa juu ya bahari. Ila lile begi kubwa halijaonekana. Wanasema labda kesho kutwa."

Fundi alimgeukia mkewe, simu sikioni.

"Upo?"

"Nipo, Mama."

"Basi nipe mkwe wangu. Hata mimi nilimcheka."