Pete Iliyomficha Mpiga Mishale

"Rusha dadu, mama! Unaikanda kama unga?"

"Niache wewe Kinyozi, naiombea dua!"

Jamani, Jumamosi ile mchana sebule ilichangamka! Mezani ramani iliyochorwa nyuma ya kalenda, karanga, na penseli zilizotafunwa. Kila wiki wanne hawa walicheza mchezo wao wa kujifanya watu wa enzi za majoka. Dada, mkutubi wa chuo, ndiye msimulizi. Kinyozi, shujaa wa shoka. Mdogo wake Dada, mwembamba mpaka wanamwita Chuchunge kama yule samaki, kazini yuko mapokezi ya kliniki ya meno, lakini mezani ni mchawi mwenye Jicho la Kweli, uganga wa kufichua mtu ni nani hasa. Na Fundi Simu, mchumba wa Chuchunge, ni mpiga mishale mwenye pete inayomficha asionwe na uganga wowote. Mwaka mzima Jicho lilimkodolea, likaambulia ukungu.

Leo mchawi na mpiga mishale walikuwa wanaoana mchezoni. Harusi yao ya kweli ilibakiza miezi miwili.

"Siolewi na ukungu mimi! Jicho namtupia bwana harusi."

"Litumie kwa joka, mpenzi." Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka. "Joka liko mlangoni."

"Lisubiri keki."

"Nakuomba."

"Muone anavyotoka jasho!" Kinyozi akapiga meza. "Shemeji, unaolewa na jini!"

Dadu ya pande ishirini ikazunguka, ikatulia. Ishirini! Namba pekee ya kuivunja pete.

Weee! Kinyozi akapanda juu ya kiti. Dada akaleta kopo la biskuti lenye bahasha. Sheria yake ilikuwa hivi: ukitaka mhusika wako afichwe, siku ya kwanza unaandika siri yake, inafungwa kwa gundi, haibadilishwi. "Andika kitu ambacho hutakisahau," humwambia kila mgeni. Fundi aliandika yake kabla hajajua hata jina la msichana aliyekaa mbele yake. Mapenzi yalipokolea, akamwomba Dada mara mbili abadilishe. Dada akamcheka, akamwambia asilete wizi mezani.

Chuchunge akaichana, akasoma kwa mbwembwe:

"'Mimi si kapera. Nina mke ng'ambo ya mto, mshona mapazia, ana kovu kidevuni. Binti yetu anakula chaki. Niliwaaga kwamba naenda kutafuta kazi.'"

"Duh! Mwanangu, unajua kutunga!" Kinyozi akapiga makofi.

Chuchunge hakucheka. Jumanne iliyopita, pale kliniki, alimpakata mtoto anayekula chaki, aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto. Mama yake alikuwa na kovu kidevuni, na vipande vya uzi wa mapazia vimemganda kwenye gauni.

"Umetunga?"

Fundi akaanza kuokota karanga mezani.

"Sema umetunga, Fundi. Sema tu. Naapa nitakuamini."

Fundi akainamia ramani kama anatafuta njia ya kutokea.

Chuchunge akakimbilia jikoni, akafunga mlango. Simu ikatetemeka.

*Nilitaka kukuambia.*

*Lini?*

*Kila Jumamosi.*

Akafuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akatafuta namba ya yule mama wa mtoto, ambayo angeipiga hata hivyo, maana kukumbusha wagonjwa wa wiki ijayo ndiyo kazi yake.

"Haloo, dada, ni mimi wa kliniki ya meno."

"Eeh, mdogo wangu! Huyu mtoto anakuulizia wewe tu."

"Jumatatu saa tatu tunang'oa. Baba yake... atakuja?"

"Baba yake yuko kazini mbali. Anasema anatutafutia nyumba, tumfuate." Akacheka kwa haya. "Mwaka wa pili huu. Lakini simu anapiga."

"Sawa, dada. Saa tatu."

Aliporudi sebuleni Kinyozi alikuwa anakusanya penseli. Dada aliishika ile bahasha tupu.

"Mdogo wangu, nisamehe. Angeniambia kwa nini anataka kubadilisha..."

Chuchunge alikuwa anamtazama Fundi tu.

"Jumatatu saa tatu mwanao anang'olewa jino. Anaogopa sindano. Njoo umshike mkono."

"Chuchunge, nisikilize, mimi nakupenda wewe."

"Najua. Ndiyo maana nimeishiwa nguvu."

"Nikija, utanisamehe?"

"Ukija, utakuwa baba yake. Kwangu umeshaisha."

Jumatatu saa tatu ikafika, ikapita. Mlango wa kliniki ulifunguka mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Chuchunge aliinua kichwa. Mwishowe akamshika mtoto mkono yeye mwenyewe. Mtoto alimbana vidole mpaka vikafa ganzi, kwa vidole vyake vifupi, vipana, vya Fundi kabisa.

"Una moyo, mdogo wangu," mama mtu akasema, akimfuta mwanawe damu mdomoni. "Mungu akujalie mume kama wangu."

Chuchunge akainamia droo ya kadi, akajifanya anatafuta kitu.

"Amina, dada," akasema.

Akamwita mgonjwa anayefuata.