Unga Uliochekechwa Mara Tatu

Mimi na dada yangu Ayinpoka husaga unga wa uji wa watoto, hapa karibu na mji wa Bolgatanga. Tunachanganya uwele, kunde na majani makavu ya mlonge. Watoto wote wa kliniki yetu wanaunywa.

Siku moja maabara tuliyoipelekea unga ukapimwe ilituletea majibu: unga wenu una madini ya chuma kidogo mno. Yasipobadilika, kliniki itauacha.

"Mashine yao mbovu!" Ayinpoka akafoka. "Unga huu ulimsimamisha mwanangu alipopungukiwa na damu, leo wauite vumbi? Twende!"

Kule maabara mpimaji, binti aitwaye Lamisi, alitukaribisha viti. Dada akakataa kukaa.

"Mashine yako inadanganya."

"Huenda, mama. Hata mimi siiamini hivi hivi tu." Lamisi akatoa kichupa. "Huu ni unga wa kulinganishia. Maabara nyingi zimeupima, na chuma chake kinajulikana: miligramu kumi katika gramu mia. Mashine ikisema sita, ina kasoro. Ikisema kumi, ni nzima."

Akaupima mbele yetu. Kumi!

Nikamtazama dada. Kumbe kosa ni letu.

Lamisi akamimina kiganjani unga tuliompelekea. "Mbona laini hivi? Mliuchekecha?"

"Mara tatu!" nikajibu kwa maringo. "Ulikuwa unakuja kwenu maabara, na nyinyi kwetu ni wageni. Kwetu mgeni hukorogewa maji ya unga laini. Nani atampa mgeni pumba?"

Lamisi akacheka hadi akashika mbavu. "Jamani, mama zangu! Chuma kingi kimo kwenye hizo pumba. Na watoto mnawachekechea?"

"Thubutu! Wanakula na pumba zake."

"Basi nileteeni unga ule ule wa watoto. Choteni juu, katikati na chini ya gunia, kisha mchanganye."

Jumatatu tukarudi. Lamisi akaanza na unga wa kulinganishia, kisha wetu. Nilifumba macho.

"Kumi na mbili," akasema. "Chuma kinatosha, kliniki haitauacha."

Ayinpoka akaketi sakafuni, akalia kwa furaha. "Nisamehe, mwanangu. Nimekutukania mashine bure."

"Itukane tu, mama. Haina masikio."

Tulicheka hadi mlangoni. Tangu hapo, unga wa kupimwa tunauchota kwenye gunia lile lile la watoto. Na Jumanne yake sufuria ya kliniki ilichemka kama kawaida, na watoto wakaja na vikombe vyao.