Namba Tisa Ndani ya Mfuniko

Peugeot 404 nyeupe iliruka reli ya Usagara bila kupunguza mwendo.

Land Rover ya Maige ilikuwa mita hamsini nyuma yake. Hakuiona barabara. Alifuata vumbi.

Risasi ya kwanza ilitoboa kioo cha kushoto. Ya pili ilipita juu. Maige hakujibu. Kulikuwa na akina mama wa mihogo kando ya njia, akangoja mpaka nyumba ziishe.

Peugeot ilikosa kona, ikapanda mawe na kulala ubavu. Dereva alitoka kwa mlango wa juu na mkoba begani, bastola mkononi.

"Weka chini!" Maige alipiga kelele.

Yule mtu aliinua mkono wa bastola. Maige alifyatua Browning yake mara moja.

Yule mtu alianguka.

Alichukua redio ya Pye kutoka kwenye gari.

"Kituo, hapa Nne."

"Sema, Nne."

"Mtu wa vipuri amekufa."

"Tulimtaka hai."

"Najua."

"Ana nini?"

Maige alifungua mkoba. "Saa ya kengele. Diamond, ya Kichina. Moja tu."

"Ifungue."

Ilikuwa Novemba 1978, wiki tatu tangu majeshi ya adui yavuke mpaka na kuingia Kagera. Kabla ya vita, marehemu alikuwa mlanguzi wa kawaida. Alivusha ziwani saa za Seiko na springi, akawauzia mafundi wa Mwanza. Vita vilipoanza hakuacha kuvuka. Ofisi, iliyokuwa ikimfuatilia kupitia mafundi hao tangu katikati ya mwaka, sasa ilitaka kujua anavusha nini, na kwa ajili ya nani.

Ndiyo maana Josephat Maige, ofisa wa usalama mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, alikuwa na miezi minne akisomea ufundi saa katika chuo kidogo cha Mkolani. Wenzake darasani walimwita Ngosha, kama Msukuma yeyote. Walisema vidole vyake ni vya kulimia pamba. Walisema kweli.

Alitoa bisibisi ndogo mfukoni, akafungua mfuniko wa nyuma.

Waya mwekundu ulikuwa umechomelewa ndani kwa lehemu. Kazi safi. Na upande wa ndani wa mfuniko, kwa ncha ya sindano, palikwaruzwa namba ndogo.

Tisa.

Maige aliielewa mara moja. Ilikuwa desturi ya chuo, na Mwalimu Seif hakuivumilia ivunjwe. Kila saa uliyoifungua, unakwaruza ndani namba yako ya daftari la wanafunzi. Saa ikirudi mbovu, ijulikane ilipitia mkono wa nani.

Namba tisa alikuwa Privatus, kijana mpole wa Kagera, mwenye mkono mzuri kuliko wote darasani.

"Nne, umeona nini?"

"Bado sijajua," Maige alisema. "Naenda kuuliza."

*

Saa saba kamili alikuwa mlangoni mwa karakana. Wanafunzi walikuwa wameinama mezani, kila mmoja na lenzi jichoni. Ukutani saa arobaini zilikuwa zikigonga kwa pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mzee Seif alimkagua juu ya miwani. "Jino uliloombea ruhusa asubuhi limetoka?"

"Limetoka."

"Mbona shavu halijavimba? Ninyi Wasukuma hata meno yenu yana adabu."

Darasa lilicheka. Privatus hakucheka. Alikuwa ameiona saa iliyoshikwa na Maige.

Maige aliiweka mezani kwake taratibu.

"Hii ni yako?"

"Namba ni yangu."

"Nimeikuta kwa mtu aliyekufa leo."

Bisibisi ya Privatus ilisimama. "Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi na mama yangu amekufa," Privatus alisema kwa sauti ndogo. "Hawajamwambia tu."

Aliingiza mkono shatini, akatoa rozari ya mama yake, akampa Maige. Punje moja ilikuwa imepotea, mahali pake pamefungwa buni kavu ya kahawa.

"Buni hiyo niliitoboa mimi nikiwa na miaka kumi. Yule mtu aliniletea wiki mbili zilizopita. Akasema mama yuko ng'ambo, mikononi mwao. Akasema kila saa nitakayomtengenezea ni wiki moja ya uhai wake."

"Ulimtengenezea ngapi?"

"Mbili. Hiyo ilikuwa ya majaribio."

"Na ya pili?"

Macho ya Privatus yalikwenda mlangoni. Maige alitazama meza iliyokuwa karibu na mlango. Kwa siku tatu ilikuwa na saa kumi na mbili za kengele, zilizotengenezwa kwa ajili ya shule za Bukoba. Sasa ilikuwa tupu.

"Mwalimu," Maige aliita bila kugeuka, "kreti ya Bukoba iko wapi?"

"Bandarini. Kemilembe kaondoka nayo. Alikuwa asafiri Alhamisi, lakini kasikia baba yake kavuka Mto Kagera salama, akaniomba aende leo. Nikamwambia basi angalia na kreti njiani."

Kigoda cha Privatus kilianguka kando ya kigoda kitupu cha msichana huyo, mwanafunzi mwenzao.

"Kemilembe?" alisema. "Kemilembe yuko na kreti?"

Maige alikwisha kumshika mkono. Walitoka mbio. Mzee Seif alibaki amesimama katikati ya karakana, miwani mkononi.

*

"Kituo, hapa Nne. Bomu limo melini. Meli ya Bukoba."

"Meli ina askari mia tatu."

"Na abiria."

"Na mapipa ya mafuta ya jeshi, Nne. Mtaalamu wetu wa mabomu yuko Tabora. Tutawashusha watu kimya kimya. Wakipiga mbio kwenye ngazi watauana wenyewe. Wewe tafuta hiyo kreti."

Land Rover ilikuwa ikiteremka kuelekea mjini. Maige aliweka redio chini.

"Umetega saa ngapi?"

"Saa nane na robo. Meli ingekuwa imetoka."

Maige alitazama Seiko yake. Saa saba na dakika ishirini na tano. Muda ulitosha.

"Hapana," Privatus alisema ghafla.

"Hapana nini?"

"Ile saa inakimbia. Dakika nne kwa siku. Iko kwenye majaribio tangu Ijumaa."

"Hukuirekebisha?"

"Siku tatu za majaribio mishale haiguswi, Ngosha. Unajua. Na Mwalimu alikuwa amesimama pale pale nikifunga."

Ijumaa hadi Jumatatu. Dakika kumi na mbili. Maige alikanyaga mafuta.

Ingelipuka saa nane na dakika tatu.

*

Bandarini askari walikuwa wakishuka kwa mstari, wakiambiwa kuna ukaguzi wa bunduki. Kemilembe alikuwa amekaa kwenye sitaha ya chini na kikapu cha nguo magotini.

"Ngosha! Mmekuja kuniaga wawili? Au mmekuja kudai senene wa kukaanga kabla sijafika?"

"Kreti iko wapi?"

Alimtazama usoni, utani ukamwishia. "Chini. Waliweka unga juu yake."

"Nionyeshe. Halafu ushuke."

Tumboni mwa meli kulikuwa na joto na harufu ya dizeli. Magunia ya unga yalikuwa kumi na nane. Maige na Privatus waliyavuta moja moja. La mwisho lilipasuka, wote wakawa weupe.

Saa saba na dakika hamsini na nne.

Privatus aling'oa mbao. Zile saa zote kumi na mbili zilikuwa zikigonga gizani. Aliinua safu ya juu, akagusa moja ya chini, pembeni, iliyofungwa kwenye sakafu ya uongo ya kreti, baruti chini yake.

"Hii."

Alivaa lenzi. Akachukua kibanio. Kisha aligeuka nyuma.

Kemilembe hakuwa ameshuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chuma, mikono mdomoni, akiutazama ule waya mwekundu.

"Privatus," alisema. "Umefanya nini?"

Mkono wa Privatus ulianza kutetemeka. Aliushika kwa mkono wa pili. Mikono yote miwili ikatetemeka.

"Siwezi."

"Unaweza."

"Siwezi, Ngosha. Nikiugusa hivi, tumekwisha."

Saa saba na dakika hamsini na nane.

Maige alichukua kibanio kutoka vidoleni mwake. Kwa miezi minne hakuwahi kurudisha springi hata moja bila kuipoteza. Mwalimu alimkalisha peke yake wiki nzima akiinua unywele mmoja kutoka sahani moja hadi nyingine.

"Niambie."

"Toa pumzi yote," Privatus alisema, amefumba macho. "Usivute nyingine. Kazi iko hapo katikati."

Maige alitoa pumzi.

Ncha ya kibanio iliingia kati ya magurudumu mawili. Jasho lilimwingia jichoni. Hakupepesa. Waya ulipinda, ukagoma, ukapinda tena.

Ukatoka.

Dakika chache baadaye kengele ya saa ililia. Ililia kwa muda mrefu humo tumboni mwa meli, mpaka springi ikaisha nguvu. Hakuna kingine kilichotokea.

Seiko ya Maige ilisema saa nane na dakika tatu.

*

Wanajeshi walikuja kuchukua baruti. Wengine walikuja kumchukua Privatus. Alinyoosha mikono mwenyewe, bado ina unga.

"Kwa nini uliandika namba yako?" Maige alimuuliza. "Kwenye saa kama ile?"

Privatus aliitazama mikono yake.

"Sikukumbuka kwamba nimeandika. Nilimaliza kazi, mkono ukaandika."

Pingu zilifungwa.

"Na mama yangu?"

Maige alimrudishia rozari, akaiingiza kwenye mfuko wa shati lake.

"Sijui," alisema. "Siwezi kukudanganya."

Walimpeleka. Hakugeuka.

Maige alichukua redio.

"Kituo, hapa Nne. Saa imesimama."

"Vizuri, Nne. Gari litakufuata jioni. Unahamia Dodoma. Chuoni usirudi."

Kemilembe alikuwa amekaa juu ya gunia gatini, kikapu miguuni. Hakuwa amelia. Alikuwa mweupe wa unga kama wao.

"Wewe ni nani hasa?" aliuliza.

Maige alikaa karibu naye. Alifungua mfuniko wa ile saa ya kwenye kreti, akaomba sindano. Kemilembe alichomoa moja kwenye ukosi wa gauni lake, kwa mazoea tu, akampa.

Chini ya namba tisa, kwa mkono mzito na usionyooka, Maige alikwaruza namba yake mwenyewe, ishirini na mbili.

Akafunga mfuniko, akamwekea saa magotini.

"Mpe Mwalimu ukirudi," alisema. "Mwambie ilipitia mkononi mwangu."

Alisimama, akapangusa unga kwenye mabega, akapanda barabara ya kutoka bandarini bila haraka. Nyuma yake meli ilipiga honi. Askari walikuwa wakipanda tena.