Wimbo Uliomwita Kambale

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya Katoyi, mtaa wa Goma, mama alipomkabidhi Kanyere sahani ya fufu iliyofungwa kwa kitambaa, na pull, sweta ya sufu, juu yake.

"Pelekea ndugu yako. Kesho asubuhi bateau haitamungojea ale."

Ndugu yake ni Josias, ambaye kwa jina la nyumbani ni Kambale, kama watoto wa kiume wa pili katika nyumba nyingi za Wanande. Kesho alikuwa anavuka ziwa kwa meli kwenda Bukavu na kundi lake la muziki, Astronautes ya Katoyi. Wimbo mpya, ziara ya kwanza, tournée wanavyoiita. Astronautes! Watu ambao transfo ya umeme ya mtaa ikipasuka wanakimbilia kwa mama zao.

Kanyere, bingwa wa mijadala pale chuoni, alikuwa na dharau ya kulitosha kundi zima, ila fungu kubwa alimwekea Henri, mkuu wao. Henri alirudi kutoka Kampala na mashine moja ya sauti, maneno mengi, na miwani myeusi asiyoivua hata chini ya ardhi. Maana mazoezi walifanyia chini ya ardhi: nyumba iliyozikwa nusu na lava, chumba cha chini kimebaki shimo, unashuka kwa ngazi ya mbao. Wazee wa mtaa hawashuki mahali kama pale. Mazuku, ile hewa mbaya ya volkano, hupenda mashimo. Haina rangi, haina harufu, na humlaza mbuzi na mtu vilevile. Henri alipoambiwa hayo alicheka.

"Ambiance," akasema, yaani mahali pana ladha yake.

Kanyere alisimama juu ya ngazi. Mlio ulikuwa unapanda, mzito, wa kuzunguka, na ndani yake vinanda vinapinda, vinayeyuka... Ndio muziki wao wa psychédélique huo: homa ya malaria iliyotiwa umeme.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke.

"Kambale weee... rudi nyumbani..."



Ilikuwa sauti ya mama.

Mjomba Kambale, ndugu ya mama, alifia Kanyaruchinya, katika kambi ya wakimbizi, kabla watu hawajatawanywa. Kwao, mfiwa akitaka kumwita marehemu kwa jina, kila mwenye jina hilo hutumwa mbali kuteka maji, asisikie. Kifo hakiulizi Kambale yupi. Kilio kikiisha wanarudi na bidoni zao, maji yanamwagwa kwenye moto wa msiba, moto unazimika, na hakuna anayeita tena. Mwito umefungwa.

Siku ile Josias hakwenda kuteka maji. Kumbe alijificha nyuma ya hema, akikirekodi kilio cha mama kwa simu yake.

Kanyere alishuka ngazi kwa hasira. Walikuwa Henri na Josias tu, wengine wameshakwenda kufunga mizigo.

"Henri. Ile sauti mulitoa wapi?"

"Ah, maître, wakili wetu! Karibu. Josias alinipa. Nimeiweka inazunguka tu, haina mwisho. Douleur, uchungu wa kweli, ma sœur. Wazungu banalilia kitu kama ile."

"Ile ni mama yangu analilia ndugu yake. Wewe mutu hata moto wa msiba haujawahi kuota, unavaa kilio cha wengine kama chapeau ya kichwani."

"Ni concept."

"Concept ni jina la wizi, kama mwizi amevaa miwani. Zima."

Henri akatabasamu. "Nizime nini? Iko ku WhatsApp tangu asubuhi. Goma muzima banaisikiliza."

Kanyere alinyoosha mkono kwenye mashine aizime mwenyewe. Haukufika.

Kulikuwa na harufu.

Majivu mabichi. Moto uliomwagiwa maji sasa hivi... Na mle shimoni hapakuwa na jiko.

Mshumaa uliokuwa sakafuni ulizimika. Hakuna upepo. Nyuma ya mshumaa, katika mwanga wa mashine, Josias alikuwa ameketi chini, écouteurs masikioni, macho wazi, uso umepauka kama unga wa muhogo. Midomo yake ilikuwa inacheza, na mashine ikaita tena.

"Kambale weee... rudi nyumbani..."

Halafu, katika nafasi tupu ambayo Henri alikuwa ameiachia ngoma, baffle, spika yao kubwa, ilitoa sauti nyingine. Ya mwanamume. Nyembamba. Ya karibu.

"Niko njiani."

Henri alivua miwani.

"Ile..." alinong'ona. "Ile haikuwa ndani ya wimbo."

Na huyo, ngazini! Astronaute wa kwanza kuruka, akamkanyaga Kanyere mguu, fufu ikamwagika. Kanyere alimng'oa Josias écouteurs, akamshika kwapani, akamburuta ngazi kwa ngazi, mpaka wote wawili wakaanguka juu ya mawe meusi, hewa ya jioni ikawapiga usoni. Josias alikohoa. Damu ikamrudia usoni.

"Mazuku tu," alisema Henri kutoka mbali, miwani imesharudi machoni. "Si banasemaka kila siku?"

Kwa mara ya kwanza maishani Kanyere alitamani Henri awe amesema kweli. Hoja ilisimama vizuri: hewa mbaya huzima mshumaa, humlewesha mtu, mtu akasikia yasiyokuwepo. Hata yeye asingeweza kuitoboa.

Ila mazuku hayana harufu.

Nyumbani, mama alisikiliza yote bila kupaza sauti. Kisha akachukua bidoni, akamwaga maji kwenye jiko lake mwenyewe, sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa bado juu ya moto. Moshi ukajaa. Harufu ile ile.

Akamgeukia mwanawe.

"Kuitwa si kitu, Kambale. Anayeitika ndiye anayekwenda. Uliitika?"

Josias alitazama chini.

"Mara moja tu, mama. Nilizani unaniita kula."

Mama alimwaga maji yote yaliyobaki kwenye majivu. 

Nje, pikipiki ya taxi ilisimama langoni. Dereva akaongeza sauti ya redio yake.

"Kambale weee..."

Mama aliruka, akayaziba masikio ya mwanawe kwa viganja vyote viwili, akamkumbatia kichwa kifuani. Kanyere alikuwa ameshashika mlango atoke kumtukana yule dereva, ndipo alipotazama chini.

Mguu wa Josias ulikuwa unapapasa sakafuni, polepole, unatafuta kiatu.