Majani ya Kabichi Kwenye Kona

Kila alfajiri dereva wa mboga alisimamisha pikapu yake kwenye kona ya barabara karibu na mto. Hapo alibandua majani ya kabichi yaliyooza, akayatupa kando ya barabara. Hakupenda maneno na wateja sokoni. Miaka mitatu alifanya hivyo bila kuona ubaya wowote.

Siku moja jua likizama, mdogo wake, fundi wa redio, alipita hapo kwa pikipiki. Ngiri akakatiza mbele yake. Alifunga breki, ngiri akapita salama, naye akaongeza mwendo. Hakujua kwamba nyuma ya yule yupo wa pili, akamgonga na kuanguka. Alivunjika mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Kesho yake dereva alikwenda kuichukua pikipiki. Alimkuta mama anayefyeka nyasi za barabarani akimfukia ngiri. Dereva akalalamika kwamba wanyama hawa hawana adabu. Mama hakucheka. Alifungua daftari lake. Humo alikuwa ameandika kila mnyama aliyegongwa, mahali na saa. Wengi waligongwa alfajiri au jioni, na karibu wote kwenye kona hiyo.

"Kwa nini hapa tu?" dereva aliuliza.

"Wanakwenda mtoni kunywa maji, kaka. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini kuna mtu anawaandalia chakula." Akagusa majani ya kabichi kwa ncha ya panga. "Na ukimwona mmoja, punguza mwendo, usubiri. Hawatembei peke yao."

Dereva aliyatazama majani yale. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyewahi kumwona. Aliinama, akaokota majani yote, kisha akaenda moja kwa moja hospitalini.

"Mdogo wangu," alisema, "wale ngiri niliwaita mimi." Akamweleza yote.

Mdogo wake aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Majani utayatupa wapi sasa?"

"Nitayabandua nyumbani. Nitayafukia shambani."

"Basi upite pale polepole, kaka."

Tangu siku hiyo, mama wa barabara hajaandika mnyama mwingine wa kona ile. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikunyooka tena. Kila Jumapili dereva huketi kwenye kibanda cha fundi. Hajui redio hata kidogo. Kazi yake ni kushika nyaya ambazo vidole vya mdogo wake haviwezi kushika.