Jenereta Hailali Ndani

"Pii... pii... pii."

Sauti ndogo ilitoka chini ya meza, gizani. Umeme ulikuwa umekatika tena Bariadi. Milembe alihifadhi haraka barua ya mteja aliyokuwa akiichapa, akazima kompyuta. Kisanduku kile cha betri kilicholia, yupiesi, humpa dakika chache tu ili kazi isipotee.

Mumewe, Masunga, aliingia akiburuta jenereta mpya. Chumba cha nyuma kilijaa pamba, ikisubiri kampuni za watu binafsi zishindane bei. Na kwao, msimu wa pamba, kila chenye thamani hulala ndani pamoja na pamba. Masunga aliiwasha jenereta humo humo, akafungua kidirisha, akarudishia mlango. Milembe aliuliza habari za moshi. Mume akamcheka.

"Ukiiweka nje, mama, asubuhi utakuta alama za magurudumu tu."

Taa ziliwaka. Binti yao mdogo, Joyness, alisinzia mkekani karibu na mlango ule. Muda ukapita, kichwa cha Milembe kikawa kizito. Akadhani ni uchovu. Alipomwamsha mtoto ale, Joyness alifumbua macho nusu, akatapika, akalegea mikononi mwake. Masunga alisema hiyo ni malaria. Lakini naye alikuwa ameshika ukuta.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Nyanjige, jirani yao, fundi umeme wa kiwanda cha kuchambua pamba. Alisikia ngurumo ikitoka ndani ya nyumba, akaja mbio. Hakusalimu.

"Tokeni wote. Mayu Milembe, mlete mtoto kwenye upepo."

Uani, Milembe alimwita mwanawe. Kimya. Akaweka sikio puani pake. Pumzi ilikuwepo, nyembamba kama uzi. Nyanjige akawapakia mama na mtoto kwenye pikipiki yake mpaka hospitali, Joyness akawekewa oksijeni. Milembe alikaa akihesabu kila pumzi, akiogopa hata kupepesa macho. Kulipokucha mtoto akalia, na mama akalia naye.

Masunga, aliyewafuata hospitali, aliapa kwamba moshi hakuuona.

"Hewa inayoua haionekani, shemeji, wala hainuki," Nyanjige alisema. "Ingekuwa na pembe, ungeifungia zizini. Kidirisha hakitoshi. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha."

Akawaeleza polepole. Jenereta hufanya kazi maadamu ina mafuta, lakini isichomekwe kwenye soketi ya ukutani, maana umeme utarudi kwenye nyaya za mtaa na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Kwa taa za usiku, afadhali betri kubwa na inveta. Betri hutunza umeme, inveta huugeuza uwe kama ule wa nyumbani. Haina moshi wala kelele. Betri huchajiwa umeme ukiwepo, au kwa paneli ya jua, nayo huwekwa penye hewa, mbali na moto.

Masunga alijenga kibanda cha wavu na bati mwisho wa kiwanja, akaifunga jenereta kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege. Pamba ilipouzwa, wakanunua betri na inveta.

Jioni moja umeme ukakatika. Taa haikuzimika, na nyumba ilikuwa kimya. Hata hivyo moyo wa Milembe ulidunda. Aliinama mkekani, akaweka kiganja kifuani mwa Joyness. Mtoto hakufumbua macho.

"Ninapumua, mama."